Kibao cha 'Mbwa Kali' si ngao ya mwenye mbwa

Pita katika mtaa wowote wa Nairobi, Nakuru, Eldoret au Kisumu, na hata katika vijiji ambavyo hadi juzi havikujua lango la chuma, utakikuta kibao kimetundikwa: "Mbwa Kali". Walimu wa Kiswahili wamekilalamikia kibao hicho kwa miaka mingi, na wana haki. Mbwa ni wa ngeli ya A-WA, na kivumishi kinachomfuata sharti kichukue upatanisho wake. Kwa hivyo ni mbwa mkali, au mbwa wakali iwapo ni wengi. Hata hivyo, leo sikukusudia kusahihisha sarufi ya malango. Ninalotaka kuuliza ni hili: kibao hicho humwonya nani?

Humwonya anayetaka kuingia. Mwizi, mgeni, mchuuzi wa mboga, karani wa kusoma mita ya maji, hao wote wanaambiwa wajihadhari. Lakini yuko mtu mwingine ambaye hana haja na boma hilo, wala hajui mwenyewe anaitwa nani. Yuko katika barabara ya umma, juu ya baiskeli au pikipiki yake, akienda zake. Huyo hakuonywa kwa sababu hakubisha hodi. Na aghalabu ndiye anayefukuzwa, kwa kuwa lango lenye kibao limeachwa wazi, au ua una tundu, au mbwa alifunguliwa usiku na kulipokucha hakuna aliyekumbuka kumfunga.

Wanaopanda baiskeli mapema asubuhi wanajua ninalosema. Mwanafunzi wa shule ya kutwa hutoka kwao kabla jua halijachomoza. Muuza maziwa yuko njiani na mitungi yake. Mwendeshaji bodaboda anampeleka mama mjamzito zahanatini. Ghafla mbwa anachomoka kichakani kama mshale, meno nje, akilenga kisigino. Wengi katika hao hawang'atwi. Wanaanguka. Mpanda baiskeli hugeuka kumtazama mbwa, mikono nayo hufuata macho, gurudumu la mbele likapinda na kumtupa chini. Mwenye pikipiki hukwepa kwa ghafla akajikuta mbele ya lori. Mbwa mwenyewe hurudi kwao bila jeraha, na jioni mwenye mbwa huapa kwamba mnyama wake hajapata kumuuma mtu.

Mwalimu mmoja wa shule ya kutwa alinisimulia habari ya msichana wa kidato cha pili aliyekuwa akichelewa takriban mara tatu kwa juma. Kila alipochelewa alisimamishwa langoni pamoja na wachelewaji wengine, akaokotezwa takataka, akakosa nusu ya kipindi cha kwanza. Hakusema neno. Siku moja mwalimu aliona goti lake limechubuka vibaya, akamwita kando na kumhoji. Ndipo ilipobainika kwamba njia ya kawaida kutoka kwao hadi shuleni huchukua dakika kumi na tano kwa baiskeli, lakini njia hiyo hupita mbele ya boma moja lenye mbwa. Mbwa huyo alikuwa amekwisha kumwangusha mara mbili. Basi msichana akaamua kuzungukia ng'ambo ya mto, safari ya karibu saa nzima, akiisukuma baiskeli mahali penye tope.

"Kwa nini hukutuambia?" mwalimu akamwuliza.

"Nilidhani mtasema ni kisingizio, mwalimu," akajibu.

Jibu hilo linatuhusu sisi walimu kuliko linavyomhusu mbwa. Tumezoea kuuliza mwanafunzi amechelewa kwa dakika ngapi, na ni nadra kuuliza amepitia wapi. Mtoto anayelipia ukali wa mbwa wa mtu mwingine kwa kipindi cha Hisabati kila juma amedhulumiwa mara mbili, kwanza njiani na kisha langoni pa shule.

Nitayarudia mazungumzo ya mwalimu huyo na mwenye mbwa. Kabla ya hapo yafaa tumwelewe mbwa, kwa maana wengi wetu humchukulia kama adui mwenye kinyongo, ilhali hana habari na kinyongo chetu. Macho ya mbwa yameumbwa kukiona kwa wepesi kitu kinachokwenda. Kilichosimama hakimshughulishi sana. Babu zake walikuwa wawindaji, na kitu kinachopita mbio huiamsha silika hiyo kabla hajapata kufikiri. Gurudumu linalozunguka, mlio wa injini, miguu inayopanda na kushuka, vyote ni mwaliko. Juu ya hayo, mbwa hulinda mipaka, na mipaka yake haikuchorwa na mpimaji wa ardhi. Akizoea kulala kando ya barabara, barabara nayo huihesabu kuwa ya kwao.

Kuna jambo la tatu, na ndilo lililo muhimu zaidi. Kila siku mbwa humfukuza mpita njia, na kila siku mpita njia huondoka. Sisi tunajua kwamba mtu huyo alikuwa akienda sokoni hata kama mbwa asingalikuwapo. Mbwa hajui hivyo. Kwa hesabu zake, yeye ndiye aliyemfukuza adui, na kila asubuhi anapewa ushindi mpya. Kwa hivyo tabia hii haipungui yenyewe jinsi siku zinavyokwenda. Huzidi. Mwenye mbwa asemaye "atazoea tu" anasema kweli bila kujua: mbwa anazoea kufukuza.

Kutokana na maumbile hayo mtu aweza kujua la kufanya. Kwa mpanda baiskeli, kushindana na mbwa kwa mbio si busara isipokuwa pale ambapo mteremko ni mrefu na mbwa yuko mbali. Mara nyingi ni afadhali kupunguza mwendo, kusimama, kushuka na kuiweka baiskeli baina yako na mbwa. Kitu kilichosimama si windo tena. Usimkazie macho, maana kwa mbwa huo ni ugomvi. Wala usimpe kisogo. Mwamrishe kwa sauti nzito na fupi arudi kwao, kisha sogea polepole huku ukiisukuma baiskeli mpaka uvuke mipaka anayoidhania kuwa yake. Watoto wa vijijini wanajua hila nyingine isiyofundishwa darasani: ukiinama kama anayeokota jiwe, mbwa wengi hurudi nyuma hata kama hapo chini hakuna jiwe lolote. Chupa ya maji nayo husaidia, kwani tone la maji usoni humshangaza mbwa bila kumdhuru.

Mwenye pikipiki hali yake ni tofauti kidogo. Mbwa hukisia mahali mtakapokutana, akakimbilia huko. Ukipunguza mwendo mapema unapomwona, kisha ukaongeza unapomkaribia, hesabu zake huvurugika na hufika ukiwa umekwisha kupita. Lisilofaa kabisa ni kumpiga teke. Anayeinua mguu kwenye pikipiki inayokwenda amekwisha kupoteza nusu ya mizani yake, na abiria aliye nyuma hakuombwa ruhusa.

Tatizo lenyewe ni la zamani, karibu sawa na umri wa baiskeli. Huko Ufaransa, mwishoni mwa karne ya 19, waliunda bastola ndogo ya mfukoni iliyoitwa Velo-Dog, mahususi kwa wapanda baiskeli waliosumbuliwa na mbwa. Kwa wale wasiotaka kuua, ziliuzwa risasi za pilipili. Sijui kama kuna ushahidi mkubwa zaidi kwamba binadamu akikosa kuzungumza na jirani yake hufikia upuuzi. Hata mabingwa hawakusalimika. Katika mashindano ya Tour de France ya mwaka 2007, Mjerumani Marcus Burghardt aligonga mbwa aliyekuwa akivuka barabara, na gurudumu lake la mbele likakunjika kama chapati. Katika mashindano hayohayo Mfaransa Sandy Casar aliangushwa na mbwa, akainuka na michubuko yake, akashinda mkondo wa siku hiyo. Lakini hao walikuwa na gari la daktari nyuma yao. Msichana wetu wa kidato cha pili hakuwa nalo.

Sasa turejee kwa mwalimu yule. Alifanya jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi: alikwenda. Hakupeleka ujumbe kwa mtoto, hakumsema mwenye mbwa kilabuni, wala hakungoja mkutano wa wazazi. Alichagua Jumamosi alasiri, saa ambayo mtu ametulia, akaandamana na mama wa msichana. Walisimama mbali na lango wakapiga hodi mpaka mbwa akashikwa.

"Karibuni, karibuni," mzee mwenye boma akasema. "Huyu msimwogope, hana neno. Hubweka tu."

"Ahsante, mzee. Tumekuja kwa ajili yake," mwalimu akajibu. "Huyu mama ni jirani yako wa ng'ambo. Binti yake hupita hapa akienda shuleni."

Mzee hakukasirika. Alisimulia jinsi wezi walivyomjia mwaka juzi, na jinsi mbwa huyohuyo alivyowakatizia njia hata ng'ombe wawili wakaokolewa. "Mwalimu, nikimfunga huyu nitalala na nani?" akauliza. Kisha akaonyeshwa picha ya goti. Akanyamaza kwa muda, halafu akasema, "Mimi sikujua ni mtoto wa nani."

Maneno hayo yanatamkwa kwa nia njema, na yanatamkwa kila mahali nchini. Lakini hebu yasikilize tena. Ni kana kwamba mtoto asiyejulikana babake anaweza kuangushwa barabarani pasiwe na kosa, na kosa huanza siku tunapotambua ukoo wake. Barabara ya umma haikuchimbwa kwa ajili ya watoto tunaowajua.

Waliafikiana kwamba mbwa atafungwa kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, na tena kuanzia saa tisa alasiri mpaka wanafunzi wamalize kupita, na usiku atembee ndani ya ua kadiri apendavyo. Majuma mawili mambo yakawa shwari. Juma la tatu mjukuu akamfungua mbwa, na mtoto mwingine akafukuzwa. Mwalimu akarudi, mara hii akiwa na mzee wa kijiji, na baadaye suala likafika kwa naibu wa chifu. Hatimaye mzee alitia nguzo na seng'enge upande wa barabarani. Ilimgharimu, naye hakuacha kunung'unika. Hata hivyo, ng'ombe wake wanalindwa kama zamani, na baiskeli zinapita.

Nimekisimulia kisa hiki kwa urefu kwa sababu kina mambo ambayo wanaotoa mashauri huyapita haraka. Mwenye mbwa ana hoja yake. Katika sehemu nyingi za nchi hii polisi wako mbali na wezi wako karibu, na mbwa ndiye askari pekee ambaye mkulima anaweza kumlipa. Anayekwenda kwa jirani huku akimwambia "mwue mbwa wako" hatasikilizwa, na pengine hastahili. La kumwomba ni mipaka na saa. Aidha, mapatano ya kwanza mara nyingi huvunjika. Jirani anayevunja ahadi mara moja si lazima awe mwovu. Yamkini ana mjukuu. Lazima mtu awe tayari kurudi mara ya pili, na kurudi na shahidi. Laiti mwalimu yule angalikata tamaa juma la tatu, tungalikuwa na mbwa yuleyule na uadui juu yake.

Vilevile kumfunga mbwa kwa mnyororo mfupi mchana kutwa si dawa. Mbwa aliyefungwa hivyo, asiyecheza wala kutembea, huongezeka ukali, na siku mnyororo unapokatika hulipiza kwa wa kwanza kumwona. Seng'enge nzuri au ua wa michongoma ulioshikana ni bora kuliko mnyororo. Na mbwa anayetembezwa, anayepewa chakula kwa wakati na anayefundishwa tangu utotoni kwamba baiskeli si mnyama, hana haja kubwa ya kutafuta ushindi barabarani.

Ikiwa maneno hayakufaa, sheria ipo, ingawa wengi hawaijui. Kifungu cha 243 cha Kanuni ya Adhabu, yaani Sura ya 63 ya Sheria za Kenya, kinamtia hatiani mtu ambaye kwa uzembe unaohatarisha maisha au unaoelekea kumdhuru mwingine hachukui tahadhari juu ya hatari inayoweza kutokana na mnyama aliye mikononi mwake. Kwa hivyo anayepuuza mbwa wake anaweza kujikuta si katika ugomvi wa majirani tu bali katika kesi ya jinai. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti udhibiti wa wanyama, pamoja na utoaji wa leseni za mbwa. Ni kaunti ngapi zinazoitekeleza kazi hiyo kwa bidii, hilo msomaji ataliona mwenyewe akihesabu mbwa wa mtaani kwake wasio na ukanda shingoni.

Upande wa fidia kuna kanuni ya kale ambayo mahakama zetu ziliirithi kutoka kwa sheria ya Uingereza. Kanuni hiyo inasema kwamba mwenye mnyama wa kufugwa huwajibika kwa madhara ikiwa alijua, au alikuwa na sababu ya kujua, kwamba mnyama wake ana tabia ya ukali. Hapo ndipo mambo yanapomgeukia mwenye kibao. Yule aliyeandika "Mbwa Kali" langoni akidhani amejikinga ametuambia kwa maandishi yake mwenyewe, kwa rangi nyekundu, kwamba anamjua mbwa wake kuwa mkali. Akisimama mbele ya hakimu na kudai kwamba hakuwahi kuuona ukali wowote, kibao chaweza kugeuka shahidi dhidi yake. Wala si lazima aliyeumizwa awe na pesa za wakili. Chini ya Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016, jinsi ilivyorekebishwa baadaye, madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo ya majeraha ya mwili, yanaweza kupelekwa katika mahakama hiyo pale ilipoanzishwa, na mlalamishi akajitetea mwenyewe. Anayekusudia kufika huko na aandike tarehe, saa na mahali kila tukio linapotokea, apige picha, na ahifadhi stakabadhi za hospitali. Kumbukumbu ya maneno huyeyuka haraka.

Wapo wanaochagua njia ya tatu, ya giza: nyama yenye sumu iliyotupwa juu ya ua. Hilo ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, lakini hata pasingekuwa na sheria, tazama linavyofanya kazi. Sumu haichagui. Kuku huidonoa, paka huila, mtoto mchanga anayetambaa huiokota, na tai wakila mzoga nao hufa. Jirani naye, hata asipokuwa na ushahidi, humjua aliyefanya hivyo. Kisha hununua mbwa wawili badala ya mmoja.

Na sasa nije kwa jambo linalonifanya niandike makala haya badala ya kuyaacha majirani wapatane wenyewe. Kufukuzwa na mbwa ni maudhi. Kung'atwa na mbwa asiyechanjwa ni suala la uhai. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa uliandikwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1912, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi, na haujatuacha tangu hapo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu 59,000 hivi hufa kwa ugonjwa huo kila mwaka ulimwenguni, na kwamba wanne katika kila kumi ni watoto walio chini ya umri wa miaka kumi na mitano. Karibu wote huambukizwa na mbwa. Kwa nchi yetu, makadirio yaliyopata kutumiwa rasmi yalifikia vifo 2,000 kwa mwaka.

Virusi vyake hukaa katika mate. Vikiingia kwenye jeraha husafiri polepole kupitia mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, na safari hiyo kwa kawaida huchukua mwezi mmoja hadi mitatu. Jeraha likiwa usoni au shingoni safari ni fupi zaidi. Ndiyo sababu mtoto, ambaye uso wake uko karibu na mdomo wa mbwa, yumo hatarini zaidi. Katika kipindi hicho chote aliyeng'atwa huwa mzima, hucheza, huenda shule. Dalili zikishaonekana, za kuogopa maji, kuweweseka na kupooza, takriban hakuna anayepona. Lakini kabla ya hapo kinga ipo, na imekuwapo tangu Julai 1885, pale Louis Pasteur alipomchanja Joseph Meister, mvulana wa miaka tisa aliyekuwa ameng'atwa mara nyingi na mbwa mwenye kichaa. Mvulana huyo hakuugua.

Walimu wa Sayansi wana somo kamili hapa, nao walifundishe jinsi lilivyo. Hatua ya kwanza haihitaji daktari: kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda wa dakika kumi na tano kamili kwa saa. Sabuni huviharibu virusi hivyo. Pilipili, majivu, mafuta ya taa na udongo visiguse jeraha. Kisha mtoto apelekwe hospitalini siku hiyohiyo. Ratiba iliyozoeleka ni sindano ya siku ya kwanza, halafu baada ya siku 3, 7, 14 na 28, ingawa ziko ratiba fupi zaidi. Majeraha mabaya huongezewa dawa nyingine ya kinga kwenye kidonda chenyewe. Watoto wengi huficha kwamba wameng'atwa kwa sababu walisikia kwa babu zao habari za sindano nyingi za tumboni. Sindano hizo ni za enzi iliyopita. Za sasa hudungwa begani. Mwanafunzi akiambiwa ukweli huu mdogo, huenda akafunua mguu wake uliotobolewa badala ya kuuficha ndani ya soksi.

Jambo jingine ambalo umati wenye hasira haulijui ni kwamba mbwa aliyeuma hafai kuuawa papo hapo kwa mawe ikiwa anaweza kufungiwa salama. Mbwa huyo huchunguzwa kwa siku kumi. Akizimaliza akiwa mzima, hakuwa na virusi katika mate siku alipouma, na daktari anaweza kuzisitisha sindano zilizosalia. Akiuawa na kutupwa mtoni, mtoto hana budi kuzimaliza zote, na mzazi kuzilipia pale ambapo hospitali ya umma imeishiwa. Lakini uchunguzi huo usiwe sababu ya kungoja: sindano ya kwanza haisubiri siku kumi.

Wataalamu wanakubaliana kwamba mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa katika eneo, ugonjwa huu hukosa njia ya kuenea. Mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka 2014 uliweka lengo la kuutokomeza kwa binadamu ifikapo mwaka 2030, na kazi ikaanzia katika kaunti chache za mfano, zikiwemo Makueni na Siaya. Mbwa anayeletwa kuchanjwa na mtoto wa shule kwa kamba ya katani ni jambo la kawaida katika siku hizo za chanjo, kwa sababu katika boma nyingi mtoto ndiye mtu pekee ambaye mbwa humtii. Hapa shule zina nguvu ambayo ofisi ya mifugo haina. Tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, huangukia katikati ya muhula wa tatu. Mwalimu mkuu anaweza kuandika barua kwa daktari wa mifugo wa kaunti ndogo mwezi mmoja mbele, akaomba uwanja wa shule uwe kituo cha chanjo. Wanafunzi wa darasa la Jiografia wanaweza kuchora ramani ya njia zote zinazoingia shuleni na kutia alama mahali penye mbwa wanaofukuza watu. Ramani hiyo ikipelekwa kwenye baraza la chifu au kikao cha Nyumba Kumi, mwenye boma haambiwi tena kwamba mtu fulani anamchongea. Anaona mwenyewe alama tano zimeelekezwa kwake na watoto wa kata nzima.

Itabidi pia walimu wakuu wajitazame. Shule nyingi za bweni hufuga mbwa wa ulinzi wanaofunguliwa usiku, na bawabu husinzia kabla ya kuwarudisha bandani. Wanaofika wa kwanza alfajiri ni wapishi, na wengi wao huja kwa baiskeli.